CG125 inavuja oili na kutoa moshi: nilivyoipima kabla ya kufungua bloku

Pikipiki ya zamani aina ya CG125 ikianza kudondosha oili chini na kutoa moshi wa bluu nyuma, hukumu hutoka hapo hapo: ringi za pistoni zimekwisha, bloku (nyumba ya silinda) ikachongwe. Wakati mwingine ni kweli. Kwenye injini hii haikuwa kweli, na bloku haikuguswa. Kulikuwa na matatizo matano yaliyojificha nyuma ya dalili hizo, na yote niliyapata kwa mpangilio wa kupima, kuanzia kinachopimika bure hadi kinachohitaji spana.

Nilianza na kijiti cha oili. Pikipiki isimame wima kwenye stendi ya kati, injini ipumzike dakika tano baada ya kuzimwa, kijiti kifutwe kisha kirudishwe kwenye tundu lake bila kufungwa kwa nyuzi. Ukikizungusha hadi mwisho kitazama zaidi, kitakuonyesha oili nyingi kuliko iliyopo. Hapa oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa karibu upana wa kidole. Injini inayovuja na kuunguza oili, halafu kiwango kinapanda? Nilinusa kijiti: petroli tupu.

Petroli hufika kwenye oili kupitia kabureta. Sindano ya boya (inayofunga petroli bakuli la kabureta likijaa) ikiwa imelika, petroli huendelea kushuka hata pikipiki ikiwa imezimwa, inapita valvu ya kuingizia, inateremka kwenye kuta za silinda na kuishia kwenye krenkesi, sehemu ya chini ya injini inayokaa oili. Nilifungua bakuli la kabureta nikakuta ncha ya sindano ina mfereji wa duara unaoshikika kwa ukucha. Sindano mpya, nikasafisha kikalio chake, nikamwaga oili yote. Ikitoka nyepesi kama maji, usijaribu kuiokoa. Nilijaza 20W-50 ya pikipiki, mililita 900 kwanza, nikawasha dakika mbili, nikazima, kisha nikaongeza kidogo kidogo hadi karibu na alama ya juu. Oili ya gari iliyoandikwa kwamba inapunguza matumizi ya mafuta isiingie humu, kwa sababu klachi ya CG inaogelea kwenye oili hiyo hiyo na itaanza kuteleza.

Oili ikizidi, krenki huichapa hadi ikawa povu. Povu hilo hutoka kwa mpira wa kupumulia, na pale mpira unapoishia kwenye boksi la eya klina, huvutwa tena na kuunguzwa. Moshi wa bluu kamili, na ringi hazina hatia.

Mpira wenyewe wa kupumulia ndio ulikuwa tatizo la pili. Pistoni ikishuka inasukuma hewa iliyo chini yake, na hewa hiyo lazima itoke mahali. Mpira ulikuwa umekunjika chini ya tangi na nyigu wameziba mdomo wake kwa udongo. Hewa ikikosa njia hutafuta sili (pete ya mpira inayozuia oili isitoke) dhaifu kuliko zote, kwa hiyo ukibadilisha sili kabla ya kuzibua mpira, baada ya wiki utakuwa unaibadilisha tena. Nilikata kipande kilichokunjika, nikapitisha waya, nikaupuliza kwa mdomo mpaka hewa ikapita bila kusukumana. Kisha injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma taratibu bila kuvutwa mafuta, nilifungua kijiti cha oili nikaweka kiganja juu ya tundu. Hewa ya kupiga-piga, inatoka na kurudi, ni ya kawaida. Inayosukuma mfululizo pamoja na moshi inatokana na gesi inayopenya ringi. Hii ilipiga-piga tu, na hapo nikaanza kuwa na shaka na ile hukumu ya ringi.

Sasa uvujaji. Injini yenye matope ya mwaka mzima haiwezi kukwambia inavujia wapi. Upepo hurudisha oili nyuma, mvutano wa ardhi huishusha chini, kwa hiyo tone unaloliona kwenye bolti ya kumwagia oili laweza kuwa limetoka kwenye kava la tapeti, kifuniko cha juu kabisa cha injini. Niliisugua kwa brashi na mafuta ya taa, nikaosha kwa maji na sabuni ya unga huku mdomo wa kabureta umezibwa kwa mfuko, nikaikausha kabisa. Halafu nikapaka poda ya watoto juu ya maungio yote: kava la tapeti, hedi (kichwa cha injini kilicho juu ya bloku), chini ya bloku, kava la klachi, kava la magineti, eneo la sproketi ya mbele. Nikawasha na kuiacha dakika kumi, kisha mwendo wa kama kilomita tano. Oili huonekana kwenye poda kama mstari mweusi, na unachotafuta ni sehemu ya juu kabisa iliyolowa, sio iliyolowa zaidi.

Mistari ilikuwa miwili. Mmoja ulianzia kwenye mpira wa kava la tapeti na kuteremka mbele ya mapezi ya bloku, ndiyo maana kila aliyeitazama alidhani gasketi ya chini ya bloku imekufa. Mpira ulikuwa mgumu kama mfupa. Wa pili ulitoka kwenye sili ya shafti ya kubadilishia gia. Upande huo kuna mtego: grisi na oili ya cheni hurushwa na sproketi na kujaa ndani ya kava, ukadhani ni sili ya shafti ya sproketi. Oili ya cheni hunata na ina mchanga, ya injini huteleza.

Sili ya gia hubadilishwa bila kufungua injini. Nilitoa pedeli ya gia na kava la sproketi, nikatoboa tundu dogo kwenye uso wa sili, nikapiga skrubu nyembamba ndani yake na kuivuta kwa koleo. Bisibisi bapa la kuchokolea pembeni huchubua shafti au nyumba ya sili, na mchubuko huo hauzibwi na sili mpya. Namba za saizi zimeandikwa usoni mwa sili. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Meno ya shafti niliyafunika kwa kipande cha mfuko wa plastiki uliopakwa oili ili yasikate mdomo wa sili mpya, halafu nikaigongea ndani polepole kwa soketi yenye upana wake, uso ukiwa sawa na ulivyokuwa.

Silikoni sikuitumia popote. Inayozidi ndani ya maungio humeguka, ikafuata oili hadi kwenye chujio la waya, na pampu inaanza kukosa oili. Nimeikuta mara nyingi mno imejaa pale kama utandu.

Moshi ulipungua, haukwisha. Bluu ni oili, nyeusi ni petroli nyingi, na weupe wa asubuhi unaopotea baada ya dakika chache ni mvuke tu. Injini hii inapozwa kwa hewa, haina maji ya kuvuja. Kinachosema zaidi ni moshi unatoka lini. Ukitoka unapovuta mafuta ukiwa na mzigo mlimani, shuku ringi. Ukitoka kwa wingu moja asubuhi, au pale unapovuta mafuta tena baada ya kushuka mteremko mrefu umeachia, shuku sili za valvu: mvuto kwenye njia ya hewa unakuwa mkali mafuta yakiwa yamefungwa, na oili inanyonywa kupitia mwili wa valvu. Huu ulikuwa wa mteremko.

Nilithibitisha kwa geji ya kompresheni, inayopima mgandamizo ndani ya silinda. Plagi ya CG ni ya nyuzi za mm 12, geji nyingi za gari huja na mm 14, kwa hiyo tafuta adapta kwanza. Injini ya moto, mafuta yamevutwa hadi mwisho, kiki saba au nane mpaka sindano ya geji isimame: psi 135. Kisha nikamwaga kijiko cha chai cha oili, mililita 5, kwenye tundu la plagi, nikapiga kiki taratibu mara mbili isambae, nikapima tena: 140. Oili huziba ringi kwa muda. Kama ringi ndizo zilizolika, namba ingeruka kwa 30 au zaidi. Bila kuruka, tatizo liko juu.

Nikafungua hedi peke yake, pistoni ikiwa juu kwenye alama ya T ya magineti, pushi rodi (vyuma virefu vinavyosukuma valvu) zikiwekwa alama ipi ni ya eksozi. Sili ya valvu ya kuingizia ilivunjika vipande mkononi. Valvu niliichomoa nusu nikaitikisa: ilicheza kidogo sana, gaidi (bomba ambamo valvu hupanda na kushuka) bado nzima. Ingecheza kwa kuonekana, sili mpya isingedumu. Nilibadilisha sili zote mbili, nikasaga valvu, nikajaza petroli kwenye milango ya hedi na kusubiri dakika mbili, haikupenya. Gasketi ya hedi mpya, nati nne zikakazwa kwa msalaba kwa awamu tatu, mwanya wa tapeti mm 0.08 injini ikiwa baridi.

Kama geji ingesema ringi, ningepima kwa fila (vibamba vya kupimia nafasi) mwanya wa ncha za ringi ikiwa ndani ya bloku. Mwanya ukizidi mm 0.5 ringi imekwisha, na kama silinda ya mm 56.5 ina mikwaruzo inayoshikika kwa ukucha, ringi mpya peke yake ni hela iliyotupwa; hapo bloku ichongwe saizi ya 0.25, yaani kubwa zaidi kwa mm 0.25.

Baada ya kufunga, eksozi iliendelea kutoa moshi kwa takriban kilomita 40, kwa sababu oili ya zamani ilikuwa imelowesha ndani ya bomba. Nilipima kijiti tena baada ya kilomita 500. Kiwango kilikuwa kimeshuka kwa mm 1, na kijiti hakinuki petroli.