Ndoo moja kwa tuta moja

Mwisho wa Januari huku Unguja na Pemba, kaskazi, msimu wa upepo mkavu, imekaza. Saa saba mchana mabilingani yameinamisha majani kama nguo mbichi kambani, na mkono unakimbilia kopo. Uzuie. Jani la bilingani au la boga hulegea jua likiwa kali hata udongo ukiwa na maji, kwa sababu linapoteza maji upesi kuliko mizizi inavyovuta. Litazame tena alfajiri. Likiwa limesimama, mti hauna kiu. Likiwa bado limelala kabla jua kuchomoza, hapo ndipo umechelewa. Maji ya kurashia juujuu kila saa huua mboga nyingi kuliko yanavyoziokoa: mizizi hupanda kuyafuata, na huko juu ndiko kunakoungua.

Hesabu yenyewe si ngumu. Siku kavu ya kaskazi, jua na upepo hunyonya kama lita 5 hadi 6 kwa kila mita moja ya mraba iliyofunikwa na mboga. Tuta la upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 3 basi linataka karibu ndoo moja ya lita 20 kwa siku. Kwenye kinongo, udongo mwekundu unaoshika maji, tia ndoo mbili leo, kesho lipumzishe, maji yapate kushuka. Kwenye kichanga mtindo huo ni hasara, maji hupita moja kwa moja. Gawa ndoo, nusu alfajiri, nusu baada ya Alasiri. Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili: kikitoka kikavu, tia, kikitoka na udongo umekigandia, acha.

Tuta la kuinua ni la masika, kazi yake kuutoa mti kwenye maji. Sasa lichimbwe kinyume chake. Chimba kina cha sentimita 30, panga chini makumbi ya nazi yaliyoloana, mgongo chini tumbo juu, kama vikombe. Rudishia udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, ndoo moja kwa kila mita mbili za mraba, na usijaze mpaka mdomoni. Uso wa tuta ubaki sentimita 5 chini ya ardhi ili maji yasikimbie kando. Makumbi mabichi yalowekwe kwanza siku mbili tatu, yale maji mekundu yamwagwe. Ya kule Paje na Jambiani yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kamba za usumba yasiguswe, yameshiba chumvi. Ukipewa bure, mshukuru aliyekupa, basi.

Juu ya udongo tandaza majani makavu, unene wa vidole vinne, ukiacha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka shina lisioze. Majani ya mwembe yanafaa yakikatwakatwa. Yakiwa mazima hupangana kama vigae na maji yanateleza juu yake.

Kivuli nacho kinaokoa ndoo. Simamisha chanja cha kimo cha mita 2 ili uweze kupita chini yake, laza makuti juu yake ukiacha mianya, na uyaelekeze kutoka kaskazini kwenda kusini. Yakilala hivyo, kivuli kinahama jua linapohama na hakuna mche unaochomwa mchana kutwa. Upepo unatoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo ua uwe upande huo, na uwe wa makuti yenye matundu au mstari wa mibaazi. Ukuta wa matofali hauvunji upepo. Unaurusha juu, ukaangukia mboga nyuma yake.

Visima vya pwani huanza kuonja chumvi miezi hii. Maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari ndani ya mwamba, na yakitekwa sana bila mvua, ya chini hupanda. Utaona kingo za majani zimeungua na udongo umefanya utando mweupe. Kumwagilia kidogo kidogo kunaibakisha chumvi palepale kwenye mizizi. Mara moja kwa wiki tia maradufu, maji yaisukume chini. Maharage hufa mwanzo, mchicha hustahimili. Maji ya mfereji yawekee miche. Ya udhu hayana sabuni, yaelekeze moja kwa moja kwenye tuta. Ya kufulia kwa sabuni ya unga yamwagwe mbali.

Wa maweni, iwe Nungwi, Makunduchi au Micheweni kule Pemba, wana mtego mwingine. Jani changa linageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, mtu akadhani ni kiu, akaongeza maji, au akatia majivu. Udongo wa matumbawe una chokaa tele, na chokaa huyafunga madini ya chuma mti usiyapate. Majivu yanazidisha ugonjwa. Samadi na mboji ndiyo dawa, nyingi, kila msimu.

Cha kupanda? Bamia, loweka mbegu usiku mmoja, acha sentimita 40 kati ya mashimo, na zikianza kuzaa zichumwe kila baada ya siku moja, kabla hazijawa kuni. Matembele, vipande vya sentimita 30, theluthi mbili ardhini. Mchicha, nusu kijiko cha chai cha mbegu kwa mita moja ya mraba, ichanganywe na mchanga mkavu. Usipoota, usimlaumu muuza mbegu kabla ya kuwatazama sisimizi. Hubeba tuta zima usiku mmoja. Lowesha udongo kwanza, mwaga mbegu, funika kwa kuti mpaka uchipue.

Tungule, yaani nyanya, nazipinga. Usiku ukiwa wa joto chavua hudhoofika, maua yakapukutika, na mtu akabaki na mti mzuri usio na kitu. Zinangoja kipupwe. Kotmiri, yaani majani ya giligilani, inawezekana chini ya kivuli, mbegu ikipasuliwa mbili, lakini ivunwe mapema kabla haijakimbilia maua. Mwaka 2026 Ramadhani ilianza Februari, na aliyeimwaga Januari ndiye aliyekuwa na kotmiri ya futari.

Baki la kuangalia ni utitiri, unaopenda ukavu huu huu. Majani ya bilingani yakifanya vidoa vyeupe vidogo kama yamenyunyiziwa unga, gonga moja juu ya karatasi nyeupe. Nukta zikitembea, ndio wenyewe. Wapige maji kwa nguvu chini ya jani siku tatu mfululizo, kisha sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, jioni tu. Jaribu jani moja kwanza: sabuni ikikutana na jua, jani ndilo linaloungua.