Siku moja maishani mwangu: kupandikiza nywele kwenye mapanja yaliyoharibiwa na kusukwa

Saa 1:15 asubuhi. Hapa Nairobi kazi yetu huanza na kioo. Mteja wa leo ana tatizo tunaloliona sana: miaka ya kusukwa kwa kukazwa, mapanja yote mawili yakabaki wazi. Tunapitisha lenzi juu ya ngozi. Ikiwa inang'aa na vitundu vya nywele havionekani, hapo kuna kovu. Tunauliza pia kama ana keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua, popote mwilini, na kama kingo bado zinawasha au kuuma. Zikiuma, hatupandi leo. Tatizo linalochoma bado litakula na nywele mpya.

Saa 1:40. Mteja anachorwa akiwa amekaa wima, kwa sababu akilala ngozi ya paji la uso husogea. Kwa mwanamke, mstari wa katikati hukaa kama sentimita 5.5 hadi 6.5 juu ya nyusi, na panja hupinda kwa mviringo. Tukiweka karatasi ya plastiki yenye miraba, kila upande unatoa sentimita 15 za mraba. Jumla 30, mara vipandikizi 25 (vipande vidogo vya ngozi vyenye mizizi ya nywele) kwa kila sentimita ya mraba: 750.

Wengi huomba vipandikizi 40 kwa sentimita ya mraba. Kwenye ngozi nzima inawezekana. Kwenye kovu mishipa ya damu ni michache, na kila tundu tunalotoboa linakata mingine. Ukibananisha, vipandikizi vinakosa damu na kufa, na pengine ngozi yenyewe inakufa ikaacha kidonda. Afadhali 25 zilizoota, kisha awamu ya pili baada ya mwaka. Kovu likiwa gumu na jeupe kabisa, tunapanda 50 hadi 100 za majaribio tu na kusubiri.

Saa 2:15. Tunasafisha ngozi kwa povidoni-ayodini, dawa ya kuua vijidudu. Klorheksidini tunaiepuka hapa, kwani ikitiririka jichoni au ndani ya sikio inadhuru. Nywele za malaika zilizobaki ukingoni hatuzinyoi. Zinatuonyesha mwelekeo wa asili.

Saa 2:30 hadi 5:30 ni kuvuna vipandikizi nyuma ya kichwa. Mzizi wa nywele zetu hupinda chini ya ngozi, hivyo kuvuna ni kwa taratibu. Vipandikizi vinaingia kwenye maji ya chumvi yaliyopoa. Visikauke hata dakika chache, maana ukavu unaua mizizi kuliko kosa lolote la mkono.

Saa 5:45. Ganzi ya mbele. Mteja ana kilo 60. Lidokeini (dawa ya ganzi) yenye adrenalini isizidi miligramu 7 kwa kilo, yaani miligramu 420, au mililita 42 za asilimia 1. Ubaoni imeandikwa: mililita 24 zilitumika nyuma, zimebaki 18. Watu husahau kujumlisha, na hapo ndipo sumu ya ganzi inapoingia. Tunaanza na neva mbili za juu ya nyusi, kisha safu ya sindano nyembamba mbele kidogo ya mstari. “Dada, ukisikia ulimi unakufa ganzi au masikio yanavuma, tuambie papo hapo.” Baadaye tunajaza ngozi kwa maji ya chumvi yenye adrenalini hafifu, 1 kwa 200,000, ili iinuke mbali na mishipa mikubwa. Tunasubiri dakika 10 hadi 15. Anayekimbilia kutoboa hupata damu isiyokoma.

Saa 6:15. Daktari anatoboa. Sindano ya geji 20, upana milimita 0.9, kwa kipandikizi cha unywele mmoja. Geji 19, milimita 1.1, kwa vyenye miwili au mitatu. Kwanza tunapima urefu wa vipandikizi vichache, leo milimita 5, na sindano inawekewa kizuizi hapo. Tunatoboa matundu matano na kujaribu kupanda kabla ya kuendelea. Kwenye panja sindano inalala nyuzi 10 hadi 15 tu juu ya ngozi, ikielekea chini na nyuma. Safu za kwanza ni za unywele mmoja mmoja na hazinyooki. Mstari ulionyooka unajulikana kwa mbali.

Rangi ya ngozi inaangaliwa muda wote. Kwenye ngozi nyeusi weusi wa kukosa damu haujitokezi haraka, kwa hiyo tunabonyeza na kutazama damu inavyorudi. Ikichelewa, tunaacha.

Saa 7:30 hadi 9:45. Kupanda. Kibano hushika mafuta yaliyo chini ya mzizi, kamwe si mzizi wenyewe. Kichwa cha kipandikizi kibaki juu kidogo ya ngozi. Kikizama, kinaleta kishimo au uvimbe wenye usaha. Kikiinuka mno, vinundu vidogo vinabaki. Kipandikizi jirani kikichomoka, tundu ni dogo au damu inasukuma: bonyeza kwa pamba yenye maji kwa dakika moja, kisha rudisha.

Saa 10:15 jioni. Mbele hatufungi bendeji. Anaondoka na chupa ya maji ya chumvi ya kunyunyizia kila nusu saa akiwa macho leo na kesho, na anatakiwa kulala kichwa kikiwa kimeinuliwa. Kesho saa 4:00 tutamwosha wenyewe, kwa shampuu ya watoto iliyomiminwa kwa kikombe. Magamba yatatoka siku ya 7 hadi ya 10, nywele zenyewe zitadondoka wiki ya 2 hadi ya 6, na zitaanza kuota mwezi wa 3 au wa 4. Kusukwa kwa kukaza, kamwe tena.