Oktoba imefika, matairi yameanza kutembea

Sikuhitaji kalenda. Juzi jioni natoka kazini nikakuta watoto wawili, mkubwa sidhani kama ana miaka 12, wanaviringisha tairi la lori katikati ya barabara, tairi karibu liwazidi kimo, mmoja anasukuma na mwenzie yuko mbele kanyoosha mkono anasimamisha magari kama trafiki. Na magari yanasimama! Hata honi hamna. Dublin hiyo. Tairi ni la kuchoma kwenye ule moto mkubwa wa Halloween, usiku wa tarehe 31.

Kwa msiokaa huku, Halloween ya Ireland sio maboga na pipi tu kama mnavyoona kwenye sinema za Kimarekani. Huku ndo kwao hasa, ilianzia kwenye Samhain, sikukuu ya zamani ya kuingia majira ya baridi, na moto ulikuwemo tangu mwanzo. Kule Meath kuna kilima kinaitwa Hill of Ward, simulizi zinasema moto mkubwa wa usiku ule ulikuwa unawashwa pale. Kwa hiyo ukimwambia mzee wa huku kwamba moto wa tarehe 31 ni uhuni wa vijana tu atakuona hujui unachosema, yeye mwenyewe alikusanya kuni akiwa mdogo, na baba yake pia.

Ila zile zilikuwa kuni. Siku hizi yanachomwa mapaleti, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo, magodoro, makochi, matairi, mapipa ya taka ya plastiki, makopo ya rangi ya kupuliza ambayo yanalipuka mle ndani kama bunduki. Mwaka wangu wa kwanza nilifungua dirisha nione vizuri, nikajuta, mapazia yalinuka wiki nzima. Asubuhi yake nikaenda pale kwenye kiwanja cha nyasi katikati ya nyumba zetu, nikakuta duara jeusi, udongo umekauka kama tofali, na ukiinama unaona misumari, misumari kila mahali, ya mapaleti, pamoja na vile vinyaya vyembamba vinavyobaki tairi likishaungua, vimejisokota kama nywele. Na hapo ndo watoto wanapochezea mpira. Nyasi hazikurudi mpaka halmashauri ikaja kuchimba udongo ulioungua, ikamwaga mwingine na kupanda mbegu upya, na hela hiyo haikudondoka toka mbinguni, ni ile ile ambayo ingeweza kununua bembea.

Sheria zipo, tena nyingi. Kuna sheria ya uchafuzi wa hewa ya 1987, kuna ya taka ya 1996, na kanuni za 2009 zinakataza kuchoma taka. Fataki nazo huku Jamhuri ya Ireland mtu binafsi haruhusiwi, ukiacha vile vidogo kabisa vya mkononi, ukikamatwa nazo faini inaweza kufika euro 10,000 na jela juu. Lakini sasa we nenda usiku wa Halloween ukahesabu fataki zinazopigwa afu uniambie hiyo sheria inamtisha nani.

Kwa hiyo halmashauri za Dublin, ziko nne, zinaanza mapema. Wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe malori yenye kijiko yanazunguka mitaani kusomba kila rundo lililoripotiwa, pengine na polisi wa Garda pembeni maana wafanyakazi huwa wanarushiwa mawe. Mi nimeiona hiyo kazi kwa macho yangu, lori limekuja saa nne asubuhi watoto wako shule, likabeba paleti zote, kiwanja cheupe. Jioni watoto wamerudi, wamesimama pale wanaangalia kama waliofiwa. Baada ya siku mbili rundo jipya, safari hii limefichwa nyuma ya kibanda cha umeme. Paka na panya. Na wiki ya mwisho ya Oktoba shule zimefungwa, yaani wana siku nzima ya kukusanya na hawana kazi nyingine.

Ndo maana naona lori peke yake halitoshi, ingawa bila lori ingekuwa balaa. Kinachosaidia zaidi ni kule mzigo unakotoka. Paleti haioti kwenye mti jamani, inatoka nyuma ya duka au kwenye saiti ya ujenzi, kwa hiyo halmashauri zinawaandikia wafanyabiashara wafungie paleti zao na matairi, wasimpe kila mtoto anayekuja kuomba. Na sisi wakazi je? Dublin takataka za nyumbani zinabebwa na kampuni binafsi, unalipia, na godoro au kochi halimo kwenye bili ya kawaida, hilo unalitafutia utaratibu wake na gharama yake. Sasa Oktoba ikifika watu wazima, wenye akili zao, wanatoa makochi nje usiku na kujifanya hawajui yanaenda wapi. Watoto wanakuwa kampuni ya taka ya bure. Halmashauri ikipitisha siku ya kukusanya vitu vikubwa kabla ya Halloween inasaidia kuliko mabango kumi.

Kingine ni kuwapa watoto pa kwenda. Derry, kule Ireland ya Kaskazini, mji mzima umegeuza Halloween kuwa tamasha tangu miaka ya 1980, watu wanavaa, wanaandamana barabarani, fataki zinapigwa juu ya mto Foyle na wenye utaalamu wao. Mtaani kwetu hatuna makuu hayo, ila mwaka mmoja kilabu cha vijana kilileta DJ, wakapewa pizza na mashindano ya mavazi kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne usiku, na mwaka ule moto uliwashwa lakini mdogo, umechelewa, umekosa watu. Nadhani moto bila watazamaji haunogi. Belfast, huko huko kaskazini, wao moto wao mkubwa ni usiku wa tarehe 11 Julai, mambo mengine kabisa na siasa zake, lakini kuna mitaa ilijaribu kitu nimekipenda, fremu ya chuma kama piramidi inajazwa vipande vya mti wa willow, inawekwa juu ya mchanga, moto unawaka vizuri, hakuna tairi, na ardhi ya chini haiungui.

Kinachonitisha mimi kuliko nyasi ni zimamoto. Dublin wazimamoto ndo hao hao wanaendesha na ambulensi, ni kikosi kimoja, na usiku huo simu haziishi. Kuna wanaowarushia fataki wakija kuzima. Mimi nina mama mzee jirani yangu, anatumia mashine ya oksijeni, moshi ukianza anafunga madirisha na kuweka taulo chini ya mlango, afu anakaa anasubiri asubuhi. Mwaka juzi nilikaa naye. Tulikunywa chai na kula barmbrack, ule mkate wa zabibu wenye pete ndani, pete nikaipata mimi, akacheka mpaka akakohoa.

Sasa swali ni je, niripoti? Halmashauri ina namba, unapiga, hutaji jina. Lakini kwa Kiswahili cha mtaani kuripoti tunaita kuchoma, na nimejikuta natembea na hilo neno kichwani, niwachome kabla hawajachoma. Hawa watoto nawajua, yule aliyekuwa anasimamisha magari alinibebea mifuko ya sokoni mwaka jana nilipovunjika mkono. Nikaamua nikiona mitungi ya gesi au rundo karibu na nyumba napiga, mengine naongea na mama zao.

Leo asubuhi nikawa tayari kabisa kwenda kugonga mlango wa kwanza, maneno nimeshayapanga, nikapitia uani kutupa taka. Godoro la zamani la mwanangu, ambalo nimeliegemeza ukutani tangu Agosti nikisema wiki ijayo nitalipia lichukuliwe, halipo. Ukutani imebaki alama ya unyevu tu na kiatu kimoja cha mtoto, cha kushoto.