Diploma au shahada ya uuguzi: hesabu ya mkopo tuliyoifanya Tandahimba

Nilimaliza kidato cha sita mwaka 2017, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), na matokeo yakanipa njia mbili. Diploma ya uuguzi, miaka mitatu, karibu na nyumbani Tandahimba, mkoani Mtwara, maana Ndanda na Nyangao kote kuna vyuo na ada ingetoka kwenye korosho za baba. Au shahada, miaka minne Dodoma na mwaka mmoja wa utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Wakati ule diploma ya uuguzi haikuwa na mkopo wa Bodi, kwa hiyo kuchagua kozi kulikuwa pia kuchagua kama nitakuwa na deni au la.

Hofu ya mkopo kwetu ilitokana na yaliyompata kaka. Yeye ni mwalimu. Alipoajiriwa makato yalikuwa asilimia 8 ya mshahara. Sheria ilipobadilishwa mwaka 2016 yakawa asilimia 15. Juu yake kulikuwa na tozo ya kutunza thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka. Alikatwa mwezi baada ya mwezi, na kila akiuliza salio anakuta limeshuka kidogo sana. Mjomba alikuwa anaijua habari hiyo yote, na kwetu Wamakonde neno la mjomba juu ya mtoto wa dada yake lina uzito kuliko hata la baba. Akaniambia, "Mpwa wangu, soma diploma hapa hapa. Hilo deni utalilipa mpaka uzeeke."

Shikamoo ilishaitikiwa, heshima ipo, lakini sikuridhika. Nilitaka kuona namba. Nikaenda kwa dada mmoja jirani yetu, muuguzi mwenye shahada, nikamwomba anionyeshe slipu yake ya mshahara. Nilijua ni ombi zito, watu hawaonyeshani slipu. Alinyamaza kidogo, akaingia ndani, akatoka nayo, akaikunjua juu ya mkeka. Kidole chake kikashuka mstari kwa mstari: mshahara wa msingi, pensheni, kodi, bima ya afya, Bodi, kisha chini kabisa kile kinachobaki. "Watu wanasoma mstari wa juu," aliniambia. "Wewe soma huu wa chini."

Hesabu niliyoijifunza kwake nimeirudia mwaka huu na mdogo wangu, kwa viwango vya sasa vya makato, kwa hiyo naiandika kwa viwango hivyo. Serikalini mwenye diploma huanza kama Afisa Muuguzi Msaidizi, ngazi ya mishahara ya watumishi wa afya iitwayo TGHS B, na mwenye shahada kama Afisa Muuguzi, TGHS C. Ili hesabu isisumbue tuliweka mshahara wa mfano: 750,000 kwa diploma na 1,000,000 kwa shahada. Ukitaka hesabu yako, weka viwango vya tangazo la ajira unaloliombea.

Mwenye shahada, kwenye milioni yake, anakatwa 50,000 za pensheni, ambayo ni asilimia 5. Kodi inapigwa kwenye 950,000 zilizobaki na inatoka 115,500. Bima ya afya asilimia 3, yaani 30,000. Bodi inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 150,000. Zinabaki 654,500. Mwenye diploma asiye na deni, kwenye 750,000, pensheni ni 37,500, kodi 58,500, bima 22,500. Zinabaki 631,500.

Tofauti ni 23,000. Mdogo wangu alidhani nimekosea kutoa, akarudia mwenyewe kwenye simu. Juu kabisa mmoja anamzidi mwenzake robo milioni kila mwezi, lakini kwa miaka yote ya kulipa deni wanakwenda sokoni na pesa karibu sawa. Tofauti yenyewe inaonekana siku deni linapokwisha: pale mwenye shahada anabaki na 804,500, yaani 173,000 zaidi ya mwenzake.

Sasa weka na muda. Mwenye diploma anatangulia miaka miwili. Akipata kazi mara moja, miaka hiyo miwili ina zaidi ya milioni 15 mkononi mwake, wakati mwenzake bado anafanya mitihani au yuko kwenye utarajali. Deni la milioni 14, ambalo ndilo nililokadiria langu, likilipwa kwa 150,000 kwa mwezi linachukua karibu miaka minane. Ukijumlisha kote, mwenye shahada anamfikia mwenzake baada ya miaka kama 14 kazini, kama mishahara yao itabaki na pengo lilelile. Posho ya utarajali inapunguza muda huo, na kupanda daraja kunaweza kuupunguza au kuuongeza. Lakini anayekwambia shahada inalipa haraka hajakaa chini na karatasi.

Mwaka 2017 hali ilikuwa ngumu zaidi ya hapo. Asilimia 6 ya milioni 14 ni 840,000 kwa mwaka, sawa na 70,000 kwa mwezi. Kwa hiyo katika kila 150,000 ambayo ningekatwa, karibu nusu ingeishia kwenye tozo. Hapo nikaelewa vizuri kilichokuwa kinamtesa kaka.

Na bado nilichagua shahada. Sababu ya kwanza ilikuwa korosho zenyewe. Bei ya msimu mmoja haikupi ahadi ya msimu unaofuata, na ada ya miaka mitatu ingetegemea misimu mitatu. Msimu wa 2018 soko liliyumba na kwetu pesa zilichelewa mno kuingia. Mimi nilikuwa mwaka wa pili, ninakula bumu, ile pesa ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo wa Bodi, na ninasoma. Ningekuwa chuo cha kulipia, sijui baba angeuza nini. Mkopo unakatwa kwenye mshahara ambao tayari upo, na ukubwa wa makato unafuata ukubwa wa mshahara. Ada inadaiwa hata mwaka ambao mikorosho imepukutisha maua.

Sababu ya pili ni kazi niliyoitaka. Nilipenda wagonjwa mahututi, na nilitaka mlango wa shahada ya uzamili ubaki wazi. Mtwara palikuwa panajengwa hospitali ya rufaa ya kanda ya kusini, pale Mitengo, na hospitali ya aina ile inataka wauguzi waliosomea vitengo. Leo inatoa huduma. Mtu asiyetaka kwenda huko, anayetaka wodi, kliniki ya mama na mtoto na kukaa karibu na nyumbani, simuoni kama amechagua kidogo akichukua diploma. Akina mama wengi wa vijiji vyetu wamezalishwa na wauguzi wenye cheti na diploma.

Mwaka 2021, nikiwa namaliza, tozo ile ya asilimia 6 ilifutwa, na faini ya asilimia 10 kwa waliochelewa kuanza kulipa nayo ikafutwa. Hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote kwa anayefanya hesabu leo. Deni sasa halivimbi likikaa. Mshahara nao unasogea: Julai 2025 kima cha chini cha watumishi wa umma kilipanda kutoka 370,000 hadi 500,000, na ngazi nyingine zikapanda kwa kiasi chake. Mshahara ukipanda, asilimia 15 yake inakuwa kubwa zaidi na deni lilelile linakwisha mapema.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulisahau. Mtumishi hatakiwi kubaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato yote. Sasa wengi wetu tukipata ajira tu, benki ndiyo safari ya kwanza: kiwanja, mabati, bodaboda ya kaka. Asilimia 15 ya Bodi imeshakaa kwenye nafasi ile ya kukopa. Mimi niliajiriwa nikaamua nisiguse mkopo wa benki miaka ya mwanzo, na mama nilimweleza mapema kwa nini nyumba itasubiri. Alikubali. Ningekaa kimya angedhani nina pesa na ninamnyima.

Mdogo wangu amechagua diploma, na namuunga mkono kwa moyo wote. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi inatoa mikopo ya diploma kwa baadhi ya fani, afya zikiwemo, kwa hiyo uchaguzi niliokuwa nao mimi wa deni au korosho yeye hana. Deni lake likiwepo litakuwa la miaka mitatu. Anataka aajiriwe, kisha baada ya miaka kadhaa aombe ruhusa ya masomo ya shahada huku mshahara ukiendelea. Nimemwambia asiichukulie ruhusa hiyo kama haki ya moja kwa moja, maana mwajiri huangalia bajeti na upungufu wa watumishi kituoni. Mjomba safari hii hakutoa hukumu. Aliomba asomewe makato yote, akauliza mara mbili kama kweli ile tozo haipo tena, halafu akakubali kuwa mdhamini. Cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu tumeshakipeleka RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kuhakikiwa, maana bila uhakiki huo maombi ya mkopo hayaendi.