Usipige Kelele Jukwaani: Nilivyojifunza Kazi Katika Tamthilia Teule

Niliposema kwamba nataka kuishi kwa uigizaji wa jukwaani, karibu kila mtu alinipa ushauri uleule: paza sauti. Ushauri huo unaniudhi hadi leo, kwa sababu ndio ulionikausha koo katika msimu wangu wa kwanza wa kuigiza tamthilia teule, yaani zile zinazoteuliwa kutahiniwa, katika shule za upili za Kenya.

Tulikuwa tukiigiza Kigogo ya Pauline Kea, iliyoanza kutahiniwa katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya upili, mwaka wa 2018. Asubuhi tulikuwa shule moja, alasiri nyingine, na mara nyingi tuliigizia katika ukumbi wa maakuli wenye paa la mabati na sakafu ya saruji, mbele ya mamia ya wanafunzi, bila kipaza sauti. Nilikuwa Kenga, mshauri wa Majoka, mtawala katika tamthilia hiyo, kisha nikibadilisha maleba upesi nyuma ya leso iliyotundikwa kwenye kamba ili nitokee nikiwa mtu mwingine. Kila nilipopiga kelele, mwangwi ulirudi ukameza neno lililofuata. Siku moja mvua ilianza kupiga mabati katikati ya onyesho, nami nikazidisha kelele. Ilipofika zamu ya alasiri sauti ilikuwa imekauka kabisa, na mwenzangu akalazimika kushika nafasi yangu.

Mwigizaji mmoja mkongwe wa kikundi hicho aliniketisha kwenye benchi la nyuma kabisa, akaenda mbele na kuyasema maneno ya Kenga kwa sauti ambayo angeitumia kuzungumza na jirani mezani. Nilisikia kila silabi. Alikuwa akivuta pumzi kwa tumbo, mabega yakiwa yametulia, na hakuiachia sentensi ikafia mdomoni kabla haijaisha. Nikaanza kulala chali kila asubuhi kitabu kikiwa juu ya tumbo, nikikitazama kikipanda na kushuka, kisha nasema maneno yangu nikiwa nimeuma kalamu. Ukiitoa, konsonanti zinatoka safi ajabu. Nilijifunza pia kungoja mwangwi ufe ndipo niendelee, na kimya hicho kikamfanya Kenga awe wa kutisha kuliko kelele zote za awali.

Maneno nayo yakariri kama yalivyoandikwa. Watahiniwa wa Kidato cha Nne huja na vitabu vimefunguliwa mapajani, na ukiruka mstari mmoja tu unasikia kurasa zikifunuliwa na minong'ono ikitanda ukumbini.

Malipo hayakuwa makubwa: siku njema nilirudi na shilingi elfu moja na ushei, siku nyingine pungufu, kwa hiyo uliza mapema nani analipa nauli. Msimu uliofuata nilipewa nafasi ya Majoka mwenyewe, na shule zilipofungwa bado niliweza kuimba.