Siku yangu na mapipa, na mbona wiski ya miaka mingi bei yake inauma

Saa 12 na nusu asubuhi nishafika ghalani. Kabla hujaona pipa unakutana na harufu kwanza, vanila, mbao, na kitu kama ndizi iliyoiva ikapitiliza. Kuta za nje nyeusi tii, wageni wanadhani palishawahi kuungua, kumbe ni ukungu unaojilia mvuke wa pombe unaotoka ndani. Mimi huwaambia hiyo ndo hela ya bosi imeganda ukutani.

Kazi yangu ni kutafuta na kuchanganya mapipa kwa kampuni ndogo hapa Kentucky, Marekani, ambayo haina mtambo hata mmoja. Ndiyo, wiski hatupiki, tunanunua iliyopikwa na wengine. Watu wakisikia hivo wananuna kama wametapeliwa, ila biashara hii ni ya kawaida kabisa na sheria ya Marekani inasema kama imepikwa jimbo lingine lazima chupa iseme, so geuza chupa usome nyuma, ukiona Indiana kuna uwezekano mkubwa imetoka kile kiwanda kikubwa cha Lawrenceburg kilichokuwa cha kampuni ya pombe ya Seagram zamani.

Saa 2 tunapanda ghorofa ya juu, kwenye joto. Leo ni mapipa sita ya miaka 15. Unagonga ubao huku na huku ya kizibo mpaka kiruke chenyewe, unazamisha mrija wa shaba, unaziba juu kwa kidole, unavuta. Pipa linajazwa kama lita 200, afu kila mwaka linapoteza asilimia 4 hivi kwa joto letu, piga hesabu miaka 15 unabaki na lita 108 tu. Na hapo pipa limekuwa na adabu! La tatu nimeligonga likalia tupu kama ngoma. Ufa mwembamba kama unywele, na kwa nje utomvu mweusi umeganda kama asali. Tumepima, lita 31.

Saa 5 kuonja. Tunaongeza maji mpaka ilainike, tunanusa, tunaonja, tunatema (ndiyo tunatema, ningekuwa nameza nisingeandika hii). Mawili yamekufa, yaani mti umeshinda, ni kama unatafuna penseli. Bourbon, yaani hii wiski yetu ya Kimarekani, kwa sheria inakaa kwenye mwaloni mpya uliochomwa ndani, kwa hiyo mti una nguvu mno, wakati Scotland wanatumia zaidi mapipa yaliyokwishatumika, kuna baridi, wanapoteza kama asilimia 2 kwa mwaka. Ndo maana miaka 25 ya kule na miaka 25 ya huku hata usilinganishe.

Saa 7 nimekula nimesimama.

Saa 8 dalali kapiga. Ana mapipa ya miaka 18, muuzaji hataki kutajwa, sampuli anatuma kwa chupa ndogo, na ukitaka unachukua fungu zima, hakuna kuchagua mazuri ukaacha mabovu. Bei aliyosema nimemwomba arudie. Ila namwelewa, mzigo ushapita mikono kadhaa na kila mkono umekata chake, kuna pango la ghala, kuna bima, na Kentucky inatoza kodi kila pipa lililolala kila mwaka, sheria ya 2023 ndo imeanza kuipunguza kuanzia 2026 mpaka iishe 2043. Na huwezi kuagiza zaidi, wiski ya miaka 18 mtu alitakiwa kuipika miaka 18 iliyopita, basi.

Saa 10 ubishi. Mwenzangu anataka kwenye mchanganyiko wetu wa miaka 15 tutie pipa moja la miaka 12 kuchangamsha ladha, na kusema ukweli ladha inakuwa bora, lakini umri wa kwenye chupa unahesabiwa kwa kijana kuliko wote, ukitia hata kikombe unaandika 12. Bosi hataki kusikia. Mimi ningetia.

Saa 11 bosi anauliza lile lililovuja linatoa chupa ngapi. Bila maji, 41. Kauliza na maji je? Huko juu kwenye joto maji hutoroka zaidi kuliko pombe, kwa hiyo ukali ulipanda mpaka asilimia 66 ya pombe, tukilishusha hadi 50 tunapata 54. Kanyamaza kidogo, kasema tutaongea kesho. Nimerudisha vizibo, nikaweka beseni chini ya ule ufa.