Kodiani imetoka kabatini

Jana usiku nimepanda jukwaani tena na kodiani yangu, kile kinanda cha mvukuto, baada ya miaka 9. Mikono ilitetemeka mpaka wimbo wa pili, sisemi uongo.

Niliacha kwa sababu ya bega (kodiani yenye vifungo 120 vya besi inapita kilo 10, na unaibeba kifuani usiku kucha), kisha watoto, kisha uvivu tu. Nilipofungua sanduku mwezi wa kwanza, nusura nilie. Unyevu wa Unguja haumwonei mtu huruma: vilimi vya chuma vinavyotoa sauti vimeshika kutu, vingozi vya kuziba hewa vimejikunja, mvukuto unapumua ubavuni kama mzee mwenye pumu. Fundi alivitoa vilimi kimoja kimoja, akavisugua, akavirudisha kwa nta. Wiki 3 hizo.

Halafu kuna ile robo sauti, noti inayokaa katikati ya vibao viwili vinavyofuatana. Fidla na udi zinaingia kwenye maqamu ya Rast (mpangilio wa noti wa Kiarabu wenye robo sauti) bila wasiwasi. Kodiani ina vibao vyake, ya katikati haiijui. Misri wapo wanaokwangua vilimi ili waipate. Mimi zamani nilizoea kuikwepa noti ile, nikiwaachia wa fidla. Jana nimesahau, nikabonyeza kibao cha jirani yake. Mzee wa ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi za kudonoa, alinitazama tu. Jamani, mtazamo ule!

Wiki ijayo tunarekodi nyimbo 4, sote chumba kimoja, bila kuungaunga vipande. Sauti yangu imeshuka, kwa hiyo zote tumeziteremsha toni nzima.

Bibi mmoja alikuja kunitunza, akaninong'oneza: "We mwana, ulikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikavuta mvukuto.